Maharagwe, Paka na Ile X Nyekundu

Kazi yangu ni kuwaeleza watu vitu wasivyoviona. Nafundisha bayolojia ya seli katika chuo kimoja hapa Nakuru, na kwa miaka mingi nimejivunia jambo moja: mwanafunzi akitoka darasani mwangu bila kuelewa, basi alikuwa amelala. Aliyenishusha kutoka kwenye kiburi hicho ni mama yangu mzazi, akisaidiwa na paka.

Mama ana kibanda cha mabati kule mtaa wa Rhonda, hatua chache kutoka barabarani. Anauza maharagwe, ndengu, omena, nyanya na vitunguu. Baba alikuwa mfanyakazi wa reli, na alipofariki kibanda hicho ndicho kilichotulisha na kutusomesha. Nilipojenga Kiamunyi, upande mwingine wa mji, nilimtengea chumba chenye dirisha kubwa na kitanda kipya, lakini yeye hukitumia siku za kliniki tu, kisha anadai arudishwe kwake. "Kiamunyi hakuna watu," husema. "Kuna mageti." Nimechoka kubishana naye, na zaidi ya hapo, anasema kweli.

Ugonjwa ulianza kama maumivu ya mgongo. Tukanunua dawa ya kuchua, tukabadilisha godoro, tukamlaumu yeye kwa kuinua magunia. Halafu akaanza kuhema akipanda ngazi zangu, na vipimo vikaonyesha kwamba damu yake imepungua vibaya. Mwishowe tukaambiwa ni saratani ya uboho, ule ute ulio ndani ya mifupa ambamo damu hutengenezwa. Huko kuna seli za kinga ambazo kazi yao ni kutengeneza protini za kupigana na magonjwa. Aina moja ya seli hizo ilikuwa imeasi. Ilizaana bila kikomo na kumwaga damuni protini moja isiyo na faida yoyote, ikijaza nafasi ya damu nzuri na kula mifupa.

Daktari wetu ni dada wa umri mdogo, mpole, anayemwita Mama "mathe" na kuruhusiwa. Siku hiyo alivuta kiti karibu, akamshika mkono.

"Mathe, damu yako iko na protini mingi sana. Ile mbaya. Tutakupea sindano ya kuishusha, sawa?"

"Sawa, daktari," Mama akasema.

Nilikuwa nimekaa papo hapo. Nilisikia na nikaelewa. Haikunipitia akilini kwamba Mama naye alikuwa amesikia na kuelewa, kwa namna yake.

Niseme kidogo juu ya somo langu, maana bila hilo hutajua kwa nini baadaye nilimkasirikia paka. Watu wengi hufikiri kwamba kiumbe hukua kwa kujenga tu. Seli haiwezi kukua bila kubomoa. Ikitaka kugawanyika, hujirundikia protini fulani inayotoa amri ya kuanza. Amri ikishatekelezwa, protini hiyo lazima ivunjwe, tena kwa wakati wake, la sivyo seli hukwama katikati, si moja wala si mbili. Hatua inayofuata nayo ina amri yake, na amri hiyo nayo huvunjwa ikimaliza kazi. Kiamunyi kila mtu anajenga, kwa hiyo mimi huwaambia wanafunzi watazame mbao zinazoshikilia zege la ghorofa. Zege likikauka na mbao zibaki pale pale, hakuna atakayehamia humo. Ziko pia protini ambazo kazi yao ni kuizuia seli isikimbilie kugawanyika. Hizo zikivunjwa ovyo, seli inakuwa gari lisilo na breki.

Ajabu ni kwamba seli haibomoi kiholela. Chochote kinachotakiwa kuvunjwa huwekwa alama kwanza. Kuna protini ndogo sana iitwayo ubikwitini, nayo hubandikwa juu ya ile iliyohukumiwa, moja juu ya nyingine, mpaka ziwe mnyororo. Ndipo mtambo wa seli, wenye umbo la pipa, huivuta ndani ile iliyotiwa alama na kuikatakata vipande. Ambayo haina alama inapita salama. Kwa Mkenya sihitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Sote tunaijua ile X nyekundu inayopakwa ukutani mwa jengo lililoingilia barabara, na sote tunajua kwamba nyuma ya X huja tingatinga. Nikiichora ubaoni darasa zima hucheka, na kwenye mtihani hakuna anayeisahau.

X hiyo sikuitoa hewani. Nilipokuwa bado mwanafunzi, nikiwa nyumbani likizo, watu wa barabara walipita Rhonda na ndoo ya rangi wakautia alama mstari wote wa vibanda. Cha Mama walikipiga X mlangoni, kubwa, mpaka rangi ikachuruzika. Majirani walilia, wengine wakatukana, wengine wakaanza kung'oa mabati mapema. Mama aliingia ndani akatoka na mafuta ya taa na waya wa kusugulia sufuria, akapiga magoti mbele ya mlango wake akaanza kusugua. Mimi, bintiye, nilishika mkebe wa mafuta. Nilimwona kama mtu aliyerukwa na akili na nikaona aibu, kwa sababu watu walikuwa wamesimama wanatutazama.

Tingatinga lilipokuja lilianzia juu na kuteremka. Dereva alitafuta alama tu, hakuwa na haja nyingine. Alivunja cha jirani wa kulia, akakitazama chetu, akatazama juu, akatazama chini, akasonga mbele akavunja cha jirani wa kushoto. Barabara ilipokuja kupanuliwa, upana uliishia kabla ya kutufikia. Kwenye seli nako kuna vimeng'enya ambavyo kazi yao ni kuchomoa zile alama na kuiokoa protini dakika ya mwisho. Nikifika hapo darasani huwasimulia juu ya mwanamke mmoja na waya wake wa sufuria. Siwaambii ni nani.

Basi unaweza kukisia nilivyoshtuka niliposoma jina la sindano aliyoandikiwa Mama. Ni dawa ninayoifundisha. Kazi yake ni kuukwamisha ule mtambo wa kubomolea. Seli za saratani yake ni viwanda visivyofunga, zinatengeneza protini usiku na mchana, nyingine mbovu, na zinategemea sana ubomoaji ili zisijae takataka. Ukiukwamisha mtambo, uchafu unarundikana mpaka seli inasongwa nao na kufa. Seli nyingine za mwili huumia pia, lakini nyingi zina mzigo mdogo na huvumilia. Nitakiri kwamba katikati ya hofu yangu nilisikia furaha ya ajabu. Kitu nilichokuwa nikikichora kwa chaki kilikuwa kinaingia kwenye tumbo la mama yangu kwa sindano nyembamba, chini ya ngozi, kufanya kazi.

Mwanzo ulikwenda vizuri. Ncha za vidole zilikufa ganzi na kumwasha, akawa anaangusha vitunguu. Siku za vidonge alivyopewa pamoja na sindano alipata nguvu za kutisha. Alifua mapazia yangu yote, akahamia ya jirani, na kama geti lingekuwa la kitambaa angelifua. Mimi nilipika. Kila wikendi nilimpelekea Rhonda maharagwe yaliyoungwa kwa nazi ya pakiti, mayai ya kuchemsha, kuku, na samaki nikimpata mzuri. Vyombo vilirudi vimeoshwa, vinang'aa. Nikajipongeza.

Kwenye mizani alikuwa anapungua. Kila tukienda kliniki nguo zilikuwa zimemzidi zaidi. Mikono yake, iliyokuwa ikiinua gunia la maharagwe bila kuomba msaada, ikawa myembamba hadi saa ikamteleza mpaka kwenye kiwiko. Siku moja daktari aliangalia mizani mara mbili, akanivuta pembeni.

"Anakula?"

"Anakula sana. Mimi ndiye napika."

"Hapana, kuna kitu hapa. Akiendelea hivi, itabidi tusimamishe sindano mpaka apate nguvu. Na hii kitu ukiipea nafasi, haingojangi."

Nilirudi nyumbani nimebeba maneno hayo kifuani. Sindano ilikuwa inafanya kazi, na mwili wa kuipokea ulikuwa unaisha. Nilikuwa na hofu kubwa kuliko siku tulipoambiwa jina la ugonjwa.

Kesho yake nilitoka chuoni mchana nikaenda Rhonda bila kumwambia. Mama alikuwa nyuma ya kibanda, sinia la maharagwe mapajani, anachagua mawe kwa vidole vyake vilivyokufa ganzi. Na pale chini, juu ya gunia, amelala paka. Paka huyo nilimjua tangu akiwa mbavu tupu, mwizi wa omena aliyefukuzwa na kila mwenye kibanda. Sasa alikuwa amenona kama mheshimiwa. Alifungua jicho moja akanitazama, akalifunga. Mbele yake palikuwa na mfupa wa kuku, na nilimtambua kuku huyo. Nilikuwa nimemkaanga mimi mwenyewe Jumamosi.

"Mama," nikasema, "huyu paka anakula chakula yako?"

"Karibu. Hakuna salamu siku hizi?"

"Mama."

"Mayai naye hapendi," akasema bila kuinua macho. "Hizo nimepea watoto wa jirani. Maharagwe pia."

Nilifoka. Nina mdomo, nimeambiwa tangu utotoni, na siku hiyo sikuuzuia. Nilimuuliza kama anataka kufa, kama anajua ninavyoamka kupika, kama paka ndiye mgonjwa. Mama aliningoja nimalize. Kisha akaweka sinia kando, akajipangusa mikono kwenye leso.

"Wewe si ulikuwa hapo? Daktari alisema protini imezidi kwa damu. Mimi nilisoma kidogo, lakini hiyo nilisoma. Protini ni maharagwe, ndengu, mayai, nyama, maziwa na samaki. Chakula ya kujenga mwili. Sasa kama mwili yangu inajenga kansa, mimi nitaipelekea mawe na simiti?"

Nani asiyekumbuka somo lile? Tuliliimba darasani sote: wanga hutia nguvu, vitamini hulinda, protini hujenga mwili. Mama alikuwa ameikamata kanuni ile kwa mikono miwili na kuitii kwa nidhamu ya kanisani. Mwanamke anayeuza omena na maharagwe kutwa alikuwa amejinyima kila kitu kilichomo kibandani mwake isipokuwa nyanya na vitunguu. Alikuwa anaishi kwa ugali, sukumawiki na chai ya rangi. Na hakuniambia kwa sababu aliona naharibu pesa kwa mapenzi, hakutaka kunivunja moyo.

Hasira iliniisha. Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, nikavuta kreti ya soda nikakaa.

"Mama, ile protini daktari alisema haitoki kwa sahani. Inatengenezwa na ile kansa, ndani ya mfupa. Maharagwe ukikula, tumbo inayavunjavunja yote. Hakuna maharagwe inafika kwa damu ikiwa maharagwe."

"Sasa inafika ikiwa nini?"

"Vipande tu. Kama mabati na misumari baada ya kibanda kubomolewa. Mwili unachukua vipande unajengea kitu yake."

"Na kansa inachukua pia."

"Inachukua. Lakini hata usipokula inachukua. Ikikosa kwa tumbo, inachukua kwako."

Nikamshika mkono, pale juu ambapo nyama ilikuwa imekwisha. Nilikuwa nimefundisha jambo hilo mara nyingi, kwa mchoro na mishale, lakini si kwa mkono wa mama yangu.

"Unaona hapa? Unakumbuka watu wa barabara na ile ndoo ya rangi? Mwili ukikosa chakula, unaanza kuzunguka na ndoo kama hiyo. Unaweka X kwa nyama yako mwenyewe. Hapa kwa mkono, kwa mguu, kwa mgongo. Halafu tingatinga inakuja inavunja, ndio ipate vipande. Hujainyima kansa, Mama. Umejibomoa."

Alitazama mkono wake kwa muda, akaugeuza upande huu na upande ule. Paka aliamka akajinyoosha. Pale mbele mteja aliita, Mama akamwambia angoje.

"Na hii sindano?"

"Inakwamisha tingatinga. Kwa ile kansa zaidi, kwa sababu ndiyo iko na uchafu mingi. Takataka inajaa ndani, inaifinya, inakufa."

"Kama choo haijanyonywa."

"Kama choo haijanyonywa," nikakubali, ingawa sitaandika hivyo ubaoni.

Akacheka, lakini kicheko kiliishia njiani. Alichukua haragwe moja kutoka kwenye sinia akawa analizungusha kati ya vidole. Lilimwanguka, akachukua lingine.

"Nikuulize kitu, na usinidanganye kama mgonjwa. Na mimi? Mimi mzima, hivi nimekaa. Nimewekwa X?"

Hilo ndilo lililokuwa chini ya yote. Maharagwe na mayai yalikuwa njia ya kufanya kitu, chochote, wakati watu wengine wanashika sindano na karatasi na hatima yake. Kwa somo langu sina jibu la swali hilo, na kwa umwana wangu nilikuwa na majibu mengi, yote ya uongo.

"Sijui, Mama. Hakuna anayejua. Lakini wewe ndiye ulinifundisha kwamba kuwekwa X na kubomolewa ni vitu viwili."

Aligeuza kichwa akautazama mlango wa kibanda, taratibu, kama mtu aliyekumbushwa jina la rafiki.

"Nilisugua mpaka kucha zikatoka damu," akasema. "Na wewe ulikuwa unaona haya. Ulishika mkebe ukiangalia chini."

"Nilikuwa msichana mkubwa. Watu walikuwa wanaangalia."

"Uliona haya," akarudia, akitabasamu sasa. Akamsukuma paka kwa mguu. "Toka. Umeshiba ya kutosha. Mwalimu, umekuja mikono mitupu ama kuna kitu kwa gari?"

Kulikuwa na maharagwe. Alikula mbele yangu, polepole, kijiko baada ya kijiko, huku akiniambia kwamba chumvi imepungua na kwamba mimi na nazi ya pakiti tunafaa kutengana. Sikumbuki kama kuna siku nyingine nimefurahia kutukanwa namna hiyo. Paka alikaa pembeni akiangalia kila kijiko kikipanda, na sikumwonea huruma hata kidogo.

Alipoanza kula, hakufanya mzaha. Mizani iliacha kushuka, ikasimama, ikaanza kupanda kidogo kidogo. Saa ilirudi kwenye kifundo cha mkono. Kliniki akawa mhubiri, akiwauliza wagonjwa wenzake wamekula nini, na ole wake aliyemjibu kwamba daktari alimwambia protini imezidi. Alimkalisha chini akamweleza juu ya ndoo ya rangi. Daktari aliniambia kuna mzee kutoka Olenguruone aliyekuja kumuuliza kama ni kweli mwilini kuna tingatinga. Alimjibu kwamba ndiyo, liko.

Sindano zilipomalizika tulisubiri vipimo. Siku ya majibu Mama alivaa vazi lake la kanisani na kuketi wima, mkoba mapajani.

"Mathe, protini imeshuka," daktari akasema. "Imeshuka vizuri sana."

"Imeisha?"

Daktari alinitazama, akamtazama. Ninampenda dada huyu kwa sababu hajawahi kutudanganya.

"Haijaisha. Kuna kidogo imebaki. Hii aina haiishangi kabisa, mathe. Tutakuwa tunaichunga. Lakini saa hii imelala."

Mama aliitikia kwa kichwa, akashukuru, akatoka. Tulipita stendi na soko kwa gari. Alisema tu nimpeleke Rhonda, si Kiamunyi.

Alifungua kufuli mwenyewe, akausukuma mlango wa bati hadi ukagonga ukuta, na jua la saa nane likaupiga sawasawa. Nimepita mlango huo maisha yangu yote ya utu uzima bila kuutazama. X bado ilikuwa pale. Si nyekundu tena, ni kivuli cha waridi tu kati ya mikwaruzo ya waya, lakini ukijua pa kutazama unaiona yote, kona hadi kona. Mama aliweka kiganja juu yake.

"Hii pia haikuisha," akasema. "Nilisugua, nikasugua, hii ikakataa kutoka."

Kijana mmoja wa bodaboda alisimamisha pikipiki yake barabarani, akapaza sauti bila kuvua helmeti.

"Mathe! Asubuhi nimepita nikapata umefunga. Uko?"

Mama aliondoa mkono mlangoni, akachukua gorogoro lake la kupimia.

"Niko," akasema. "Nikupimie nini?"